Kuchanganya, kukoroga au kusukasuka?

Swali: Nimeandika kwa Kiswahili jinsi ya kutengeneza kokteli mbili za pombe ya maua nyumbani. Kila hatua niliandika "changanya". Rafiki yangu akatia kila kitu kwenye chupa, soda ikiwemo, akatikisa, ikamrukia usoni. Kosa ni langu au lake?

Jibu: Lenu nyote, ila wewe zaidi. "Changanya" husema tu kwamba vitu vimetiwa pamoja. Haisemi mkono ufanye nini. Kukoroga ni kwa kijiko. Kusukasuka ni kukipeleka chombo kilichofungwa huku na huku mpaka usikie barafu ikigonga ndani. "Tikisa" pia ni sahihi, ndiyo iliyo kwenye chupa za dawa. Lakini hata kichwa hutikiswa, tena mara moja tu. "Sukasuka" imekwisha kujirudia yenyewe, kama kazi yenyewe.

Chukua kokteli iitwayo Aviation, ambayo mhudumu wa baa Hugo Ensslin alichapisha maelezo yake New York mwaka 1916: jini (gin), maji ya limau, likeri (pombe kali iliyotiwa sukari) ya cheri na likeri yenye harufu ya maua ya urujuani. Ina maji ya tunda, kwa hiyo andika "sukasuka na barafu, kisha chuja". Kokteli ya pombe tupu, isiyo na maji ya tunda, andika "koroga": ukiisukasuka huingia vipovu vya hewa, na kinywaji kilichotakiwa kiwe angavu kinakuwa na ukungu. Na ni limau, si ndimu. Ndimu ni ile ndogo ya kijani, na ukali wake ni mwingine.

Jini nalo lina mtego wake, bahati nzuri sarufi inatuokoa: "jini huyu amenisumbua" ni habari ya mganga, "jini hii imenisumbua" ni habari ya jana usiku.

"Pombe ya maua" ningeiacha. Pombe ya mtama imetokana na mtama, basi msomaji atadhani maua ndiyo yaliyochachushwa, ilhali hapa yameipa harufu tu pombe kali iliyotiwa sukari. Mara ya kwanza andika "likeri yenye harufu ya maua", baada ya hapo "likeri" inatosha.

Ile sentensi iliyomlowesha rafiki yako ingesomeka hivi: "Sukasuka likeri, maji ya limau na barafu, chujia kwenye glasi, mimina soda mwisho, ukoroge mara moja, taratibu."