Muulize Fundi: Nimekuja kusoma kompyuta, mbona nachongeshwa sabuni?

Shikamoo Fundi. Mimi ni msichana wa miaka 19, niko mwaka wa kwanza, nasomea usanifu wa bidhaa katika chuo kimoja hapa Morogoro. Nilikuja nikijua nitakaa mbele ya kompyuta nichore vitu vinavyozunguka kwenye skrini kama vile ninavyoviona kwenye simu. Badala yake tukaanza na mche wa sabuni ya kufulia. Unapewa picha tatu za kitu, ya mbele, ya juu na ya ubavuni, halafu unakitoa ndani ya sabuni kwa kisu cha jikoni. Ikafuata maboksi na gundi. Kompyuta tumeiona muhula ukikaribia kwisha.

Nilipopewa nafasi nikachora kitu changu mwenyewe: kibanio cha kushika fimbo ya chandarua kwenye bomba la kitanda cha dabodeka, maana hosteli tunafunga kwa kamba na usiku inateleza. Kwenye skrini kilipendeza. Kilipotoka kwenye printa ya 3D hakikuingia kwenye bomba. Nikakiongeza ukubwa, kikaingia kwa nguvu na kupasuka hapo hapo, mpasuko umenyooka kabisa. Mwalimu akakitazama, akaniuliza, "Ulikilaza vipi?" kisha akaenda zake. Naomba unisaidie: sabuni ilikuwa ya nini? Kibanio kimeharibikia wapi? Na laptop yangu ina RAM ya GB 4, nitumie programu gani?
Mwanafunzi, Morogoro

Marahaba, binti yangu. Nianze na kibanio, kwa sababu ndicho kilichonifurahisha kwenye barua yako. Wengi wanaoniandikia wamepakua joka la mtandaoni, wakalichapa, basi. Wewe umeona kamba inateleza, ukatafuta dawa yake.

Kutoingia kwake naweka dau kumetokana na rula. Bomba la mviringo halipimwi kwa rula, kwani jicho linakisia tu ukingo ulipo. Azima maabara kalipa ya venia, kile kipimio chenye taya mbili za kubana kitu, upime bomba sehemu mbili tatu, maana vitanda vya hosteli hupakwa rangi juu ya rangi na unene haulingani. Halafu mashine yenyewe ina tabia zake. Printa inayoyeyusha uzi wa plastiki na kuutandaza kwa nozeli, ambayo tundu lake kwa kawaida ni milimita 0.4, hutoa matundu madogo kuliko uliyochora. Plastiki hutanuka kidogo inapotoka, husinyaa inapopoa, na duara ndani ya faili la STL, lile la umbo linalopelekwa kwenye printa, si duara kamili, ni vijistari vilivyonyooka vilivyoungwa. Kwa hiyo tundu la milimita 25 halitakubali bomba la milimita 25. Acha nafasi ya milimita 0.2 hadi 0.3 kila upande. Wala usichape kibanio kizima ili kujaribu: chapa kipande cha pete chenye kimo cha milimita 3, ukijaribu kitandani, urekebishe. Na hiyo ya kukuza kitu chote kwa asilimia uiache. Tundu la bomba lilikua, sawa, lakini tundu la fimbo nalo likakua, na ukuta nao.

Haya hayakuanza na printa. Mimi nilianzia kazi kwenye karakana ya kusubu vyuma, nikichonga maumbo ya mbao ambayo hushindiliwa kwenye mchanga ili yaache nafasi ya kumimina chuma kilichoyeyuka. Rula tuliyotumia ilikuwa ya uongo, tena uongo wa makusudi. Sentimita zake zilikuwa ndefu kuliko za kweli, karibu asilimia 1 kwa chuma cha kusubu na zaidi kidogo kwa alumini, kwa sababu kikipoa kinasinyaa. Mzee aliyenifundisha alikuwa akiifungia rula ya kweli kabatini na ufunguo anatembea nao, maana ukiwa na zote mbili benchini siku moja utazichanganya na kazi ya wiki nzima itakuwa kuni. Kila namna ya kutengeneza kitu ina deni lake, na anayelilipa ni mchoraji, tena mapema.

Sasa mpasuko. Mwalimu wako alikujibu, ila kwa ubahili. Printa hupanga matabaka, mara nyingi ya unene wa milimita 0.2, na tabaka hushikana na tabaka lenzake kwa nguvu ndogo kuliko plastiki ilivyoshikana ndani ya tabaka moja. Nadhani ulikichapa kibanio kikiwa kimesimama, mdomo juu. Ulipokisukuma kwenye bomba mikono yake ilipanuka na matabaka yakaachana. Mpasuko ulionyooka ndio ushahidi. Kilaze ubavu, pete ikae bapa kwenye meza ya mashine, ili uzi uzunguke pete nzima. Seremala hawezi kukushangaa hapo, kwa sababu naye hachongi mguu wa kiti kwa kukatiza nyuzi za mbao. Ukikilaza hivyo hutahitaji hata zile nguzo za kuegemeza ambazo mashine huweka chini ya sehemu zinazoning'inia, hasa mwinamo unapozidi takriban nyuzi 45.

Ongeza kuta, yaani mizunguko ya uzi inayofuata ukingo wa kitu, ziwe nne. Wanafunzi hupenda kuongeza ujazo wa ndani, lakini kwa kitu chembamba kama hiki nguvu iko kwenye kuta. Pembe kali za ndani uziviringe, maana ufa huanzia hapo. Na kama maabara ina uzi wa plastiki aina ya PETG, iombe. PLA, plastiki ya kawaida ya printa hizi, ni ngumu lakini haipendi kupindwa, na ikifika karibu nyuzi joto 60 inalainika, kwa hiyo dashibodi ya gari lililoegeshwa juani si mahali pake.

Kuhusu sabuni, nasikia hasira yako, na bado niko upande wa mwalimu. Kwenye skrini unazungusha kitu ukidhani unakijua. Kwenye sabuni ukikata sana mbele, ubavu nao umekwenda, na hakuna kitufe cha kurudisha. Zile picha tatu mlizopewa si mchezo wa shule. Gaspard Monge wa Ufaransa aliiwekea misingi elimu hiyo katika shule ya jeshi ya Mézières miaka ya 1760, na kwa muda mrefu ilifichwa kama siri ya kijeshi, kwa sababu ilirahisisha usanifu wa ngome. Wewe umeipata kwa bei ya mche wa sabuni. Maboksi nayo ni somo la fundi bati: kukata kitu bapa huku unajua kikikunjwa kitakuwa faneli. Nimeona vijana hodari wa kompyuta wakichora boksi lisiloweza kukunjwa na binadamu yeyote.

Laptop yako inatosha. Anza na Tinkercad, ambayo ni ya bure na inafanya kazi ndani ya kivinjari. Ukizoea hamia FreeCAD, programu huria ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024, baada ya zaidi ya miaka 20 ya kazi. Humo unaandika kipimo, na ukibadilisha kipimo umbo linafuata. Hicho ndicho ulichokihitaji siku ile kibanio kilipogoma. Blender ni nzuri na imekuwa huria tangu 2002, ila ni ya watu wa katuni na filamu. Kwa vitu vya kubana na kufunga itakuchosha bure.

Fundi, habari yako? Nimeambiwa printa ya 3D inaweza kuundwa kwa mabaki ya kompyuta. Ni kweli ama ni porojo?
Msomaji, Nakuru

Ni kweli. Mwaka 2013 Kodjo Afate Gnikou alijulikana kwa kuunda moja huko Lomé, Togo, kwa vipuri vya printa na skana zilizotupwa. Ifungue skana ya zamani uone: mota inayosogea hatua kwa hatua, fimbo ya chuma, mkanda. Huo tayari ni mhimili mmoja wa printa. Michoro si tatizo, kwa sababu Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alianzisha RepRap, mradi wa kuunda printa za 3D, mwaka 2005 na michoro yake ikawa huru kwa kila mtu. Hataza, yaani haki ya mvumbuzi ya kuzuia wengine kuiga, ya Scott Crump kuhusu kuyeyusha na kutandaza plastiki ilipomalizika 2009, bei zikaporomoka. Nozeli na kichwa cha joto nunua vipya. Ukitaka kuzielewa mashine, unda yako. Ukitaka kuchapa vitu vya kuuza, nunua, maana iliyoundwa kwa mabaki utaitengeneza zaidi ya unavyoitumia.

Fundi, mwanangu ana printa shuleni. Anaweza kunichapia vikombe vya uji?
Mama wawili, Tanga

Hapana, mama. Vifereji kati ya matabaka hushika uchafu usiofikiwa na sifongo, na uji wa moto utalainisha PLA. Akuchapie kulabu za jikoni. Na kwa kuwa mko Tanga, mwambie asiuache uzi wazi, kwani hunyonya unyevu. Nozeli ikianza kutoa milio midogo ya kupasuka, ni maji yanayochemka humo ndani. Auweke kwenye ndoo ya mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Wanaoandika kwa toleo lijalo, leteni mchoro wenye vipimo, kwa milimita. Waliotuma "kama kidole hivi" mwezi huu, barua zao bado ziko mezani.