Ghala la mbao lililolala linasimama, ila sio kwa trekta

Mkuu umeuliza kama ghala la mahindi la mzee lililolalia upande linaweza kusimamishwa au libomolewe tu, na naona wengi wanakwambia funga kamba vuta na trekta. Aisee trekta hapana, nakuomba kabisa. Mimi ni mtu wa Makambako, upepo wetu mnaujua, na nimeshasimamisha maghala na mabanda ya mbao ya ndugu na majirani, la baba mkubwa lilikuwa limelala mpaka mlango haufunguki na leo lina mahindi ndani. Shida ya trekta linavuta kwa pupa, na mbao iliyolala miaka mingi imeshazoea ule mkao, ukiilazimisha kwa mara moja misumari inachomoka na nguzo zinapasuka vichwani.

Kwanza jua kwa nini limelala. Ghala la nguzo na mbao ukiliangalia ni mistatili mitupu, na mstatili upepo ukiusukuma ubavuni kona zinageuka pale pale kwenye misumari. Kinachozuia ni mbao ya mshazari maana inatengeneza pembetatu, na pembetatu haigeuki mpaka kitu kivunjike au kichomoke. Nenda kaangalie, mara nyingi unakuta mishazari haipo au kuna mtu aliikata. Kwa baba mkubwa ndo nilichokikuta, mshazari umekatwa kwa msumeno ili magunia yapite vizuri, kipande kimebaki kinaning'inia juu.

Sababu ya pili ni miguu. Chukua bisibisi uchome kila nguzo usawa wa udongo, halafu fukua kidogo uchome shubiri moja chini, maana hapo ndipo unyevu na hewa vinakutana na mchwa wanapita hapo hapo. Kifuani nguzo unaigonga inalia ngumu kabisa, kumbe chini bisibisi inazama mpaka mpini. Kama nguzo nyingi ziko hivyo na kenchi (zile mbao za pembetatu zinazobeba paa) nazo zimevunjika, usihangaike, fumua taratibu uokoe bati na mbao nzima ujenge upya. Na kama kuta ni za matofali haya ninayosema hayakuhusu, ukuta wa tofali ukishalala hauvutwi.

Kama linafaa, subiri kiangazi, mahindi yakishatoka. Toa kila kitu ndani, gunia 50 za kilo 100 ni tani 5 hizo, hakuna ubishi. Kabla hujagusa msumari weka mirunda ya kuegemeza upande ule lilikolalia lisije likaendelea, kichwani ipigiliwe kipande cha mbao isiteleze na chini ikae kwenye kigingi. Nguzo zilizooza mguu zifungie kipande kizima pembeni, kiingie chini na kipande juu, ili wakati wa kuvuta mguu usichomoke. Halafu ndo unalegeza mbao za ukutani, hii watu wanairuka sana, zile mbao zimepigiliwa wakati jengo linalala na sasa ndizo zinalishikilia liendelee kulala, kwa hiyo bila kuzilegeza unashindana na misumari mamia.

Kuvuta tumia winchi ya mkono au cheni bloku (kapi la mnyororo la kuvutia mizigo), ya tani 2 hivi kwa ghala la kawaida inatosha, zikiwa mbili au zaidi ni bora ili jengo lije lote kwa pamoja. Waya ufungwe kwenye ule mti mrefu unaopita juu ya vichwa vya nguzo, sio katikati ya nguzo. Ukifunga nje kwenye mti au kigingi, kiwe mbali, ghala la mita 3 kwenda juu basi mita 6 au zaidi, kikiwa karibu unavuta kwenda chini badala ya pembeni. Kama hakuna pa kufunga nje, funga ndani kwa mshazari, kutoka kichwa cha nguzo ya upande lilikolalia hadi mguu wa nguzo inayotazamana nayo, ilimradi huo mguu ni mzima. Na upande ule lilikolalia funga kamba nyingine iliyolegea kidogo, ya kulizuia lisipitilize. Watoto na kuku wote mbali, na wewe usisimame kwenye mstari wa waya, waya ukikatika unarudi na kuua.

Ning'iniza timazi, yaani uzi wenye uzito chini, kwenye kila kona, pima umbali wa uzi na nguzo juu na chini, andika. Vuta sentimita 4 au 5, sogeza mirunda, nenda kanywe chai, vuta tena kesho. Mbao italia na hiyo ni kawaida, ila ukisikia mlio mkavu wa kupasuka simama, kuna msumari au kiungo umekisahau. Timazi ikisoma sawa ongeza sentimita 2 au 3, maana ukilegeza litarudi kidogo.

Usilegeze waya mpaka mishazari iingie, narudia usilegeze. Kila kona weka pande zote mbili, mrefu utoke karibu na kichwa cha nguzo uende mguuni kwa jirani yake, na ufungwe kwa bolti sio misumari peke yake. Juu kwenye kenchi pia, bati halihesabiki. Wabeba magunia waachie njia yao mwanzoni kabisa ili asije mtu na msumeno tena, na magunia yakae kwenye chaga mbali na ukuta.

Miguu ndo unamalizia, nguzo moja moja: unanyanyua kidogo na jeki iliyokaa juu ya ubao mpana, unakata palipooza, unamwaga zege lipande juu ya ardhi angalau sentimita 15, nguzo ikae juu ya zege na ishikwe na flatibaa (vyuma bapa) mbili zenye bolti. Maji ya bati yachimbiwe mfereji yaende mbali. Masika yakipita rudi na timazi na spana, mbao ikishakauka bolti zinalegea, zikaze zote.