Badiliko la mdomo ndilo linaloumiza mradi

Katika usimamizi wa ujenzi, ambayo ndiyo kazi inayonipa riziki, mabadiliko makubwa hayanitii hofu sana, kwa sababu mwenye mradi akitaka kuongeza ghorofa kila mtu hushtuka, kikao huitishwa na hesabu hupigwa upya. Ninalolihofia ni lile dogo linalotamkwa saiti watu wakiwa wamesimama juani: "Fundi, huu mlango uhamishieni upande ule."

Ukisikia hivyo, utadhani ni suala la tofali chache tu. Kumbe lenta, yaani boriti ya zege inayopita juu ya mlango, imekwisha kumwagwa kwa kufuata nafasi ya zamani, bomba la nyaya limekwisha kufukiwa ukutani, na swichi ya taa sasa itajificha nyuma ya mlango. Fundi umeme anabomoa plasta, fundi rangi anakaa kumsubiri, na mwisho wa mwezi mkandarasi anadai malipo ya kazi isiyomo kwenye mkataba, ilhali aliyetoa agizo anasema alikuwa akiuliza tu.

Kwa hiyo nashauri kazi ya namna hiyo isiguswe kabla ya kuandikwa karatasi moja inayoeleza kinachobadilishwa, aliyekiomba, bei yake na siku zitakazoongezeka, kisha mwenye mamlaka aitie sahihi. Maombi mengi hufia hapo bei inapoonekana, na sioni ubaya wowote. Hata mkataba wa mfano wa mwaka 1999 wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ule uitwao kitabu chekundu, umelifikiria jambo hili: mkandarasi akithibitisha kwa maandishi agizo la mdomo la mhandisi ndani ya siku 2 za kazi, na mhandisi asipolijibu kwa maandishi ndani ya siku 2 za kazi baada ya kuupokea uthibitisho huo, agizo hilo huhesabiwa kuwa limeandikwa.

Karatasi hizo hazitasaidia kitu iwapo ratiba na makadirio ya awali yamefutwafutwa hadi hayasomeki. Yahifadhiwe kama yalivyokubaliwa, na kila badiliko lililoidhinishwa liongezwe pembeni kwa namba yake. Kila wiki pima kazi yenyewe, mita za mraba za ukuta uliosimama, kwa maana fedha zinaweza kufika nusu na jengo likawa bado kwenye msingi.

Gharama ya kubadilisha kilichokwisha kujengwa ilionekana Australia, ambako Jumba la Opera la Sydney lilianza kujengwa mwaka 1959 michoro ya paa ikiwa haijakamilika, na nguzo zilizokwisha kujengwa ikabidi zibadilishwe kwa kuwa zisingelihimili paa hilo. Makadirio ya dola milioni 7 za Australia yaliishia kuwa milioni 102, na jengo lililotarajiwa mwaka 1963 likafunguliwa 1973.

Neno la mwisho ni kuhusu fedha za dharura, ambazo wengi huzichukulia kama pochi ya mabadiliko. Hizo ni za maji yaliyoibuka wakati wa kuchimba msingi; vigae ambavyo mwenye mradi amevipenda dukani avitafutie fedha nyingine.