Usisubiri siku ya kwanza ya kliniki

Dada yangu wa Masasi, umeeleza kwamba ulitoa kijiti cha uzazi wa mpango mwezi uliopita, mnatafuta mtoto wa pili, na wifi yako anasisitiza kuwa vidonge vya foliki asidi, ambayo ni vitamini, huanza kumezwa mimba ikishathibitika. Nakuomba usisubiri. Mfereji ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati ambapo wengi wetu ndio kwanza tunahesabu siku tukijiuliza kama hedhi imechelewa. Mfereji huo usipojifunga vizuri, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi, na kidonge kitakachomezwa baadaye hakiwezi kuufunga.

Anza sasa mikrogramu 400 kila siku, yaani miligramu 0.4, uendelee angalau hadi wiki ya 12 ya mimba, na kliniki watakupa vidonge vyenye madini chuma pia. Soma kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, kwa sababu vipo vya miligramu 5, ambavyo daktari humwandikia mama aliyewahi kupata mtoto mwenye tatizo hilo la mgongo wazi au anayetumia dawa za kifafa (na dawa hizo asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe).

Mbaazi na kisamvu chetu vina foleti, yaani vitamini hiyohiyo katika hali yake ya asili kwenye chakula, nawe uvile kwa moyo mweupe, lakini foleti huharibiwa na moto na kuyeyuka majini, na kisamvu sisi hukichemsha muda mrefu, tukamwaga maji yake ya kwanza. Kwa hiyo sahani hiyo iambatane na kidonge, isichukue nafasi yake.