Chupa ya Entre-Deux-Mers: upike nini?

Dada, umeuliza chupa ya Entre-Deux-Mers uliyonunua hapo Bordeaux iendane na chakula gani wakwe wakija Jumapili. Samaki, bila kusita. Mvinyo huo mweupe hutoka kati ya mito Garonne na Dordogne huko Ufaransa, na kwa kawaida huchanganywa zabibu za Sauvignon Blanc, Sémillon na Muscadelle kidogo. Sauvignon ndiyo inayoleta ule uchachu wa limau na harufu ya majani mabichi. Sémillon inaupa uzito, usiparuze koo.

Kwa kuwa Arcachon, mji wa pwani unaosifika kwa chaza, hauko mbali na Bordeaux, anza na chaza wabichi. Wafungue dakika za mwisho, wakiwa bado na maji yao ya chumvi, na vipande vya limau uviweke kando tu, kila mtu ajikamulie. Kisha samaki wa kuoka kwa siagi. Jibini la mbuzi nalo linakubali sana. Nyama nyekundu iache, na pilipili pia (najua mkono utakuwasha). Chupa ikae kwenye friji saa mbili hivi. Ubaridi ukizidi harufu yote inapotea, na wakwe watadhani umewanunulia maji ya ndimu.