Ukitaka Kuona Wanyama wa India, Panga Safari kwa Kusi na Kaskazi

Safari yangu ya kwanza kwenda msitu wa Gir, katika jimbo la Gujarat, iliishia getini. Ilikuwa tarehe 20 Juni. Chuo nilichokuwa nikisoma Ahmedabad kilikuwa kimefunga, na wakala aliyeniuzia safari hakunieleza kwamba hifadhi hiyo hufungwa kuanzia tarehe 16 Juni hadi 15 Oktoba. Askari wa msitu alinionyesha ubao wenye tarehe hizo, kisha akanyoosha kidole kwenye wingu zito lililokuwa likipanda kutoka upande wa bahari.

Kwa sisi tuliokulia pwani, kalenda hiyo si ngumu kuishika. Upepo wa kusi unaotupunguzia joto katikati ya mwaka ndio huohuo unaovuka Ikweta, ukapinda na kuingia India ukiwa umesheheni mvua, ambayo kwa kawaida huanza kunyesha Kerala mwanzoni mwa Juni. Kwa hiyo kusi linapovuma kwetu, maeneo makuu ya chui milia kama Kanha na sehemu kubwa ya Ranthambore huwa yamefungwa, hasa kati ya Julai na Septemba, nako Kaziranga, kule Assam, mto Brahmaputra hufurika hadi ndani ya hifadhi. Kaskazi likianza, mageti hufunguliwa. Tamil Nadu, jimbo la kusini-mashariki, ndiyo hasa inayokwenda kinyume, kwa kuwa mvua zake nyingi hunyesha kati ya Oktoba na Desemba.

Hata hivyo, msimu wa kaskazi wenyewe una nyakati zake. Anayependa ndege aende Desemba au Januari, wakati mabwawa ya Keoladeo, karibu na Bharatpur, yanapojaa ndege waliokimbia baridi ya kaskazini. Abebe koti zito, maana alfajiri ya huko ndani ya jipu lililo wazi huumiza vidole. Anayetaka simba au chui milia, ushauri wangu ni Machi au Aprili, na avumilie joto. Miti huwa imepukutisha majani, na maji yamebaki katika vidimbwi vichache ambavyo wanyama hawana budi kuvifuata.

Mimi nilirudi Gir mwezi Machi. Gir na maeneo yanayoizunguka ndiyo makao pekee duniani ya simba wa Asia wanaoishi porini, na hesabu ya mwaka 2025 ilipata simba 891. Jike tuliyemkuta alikuwa amelala chini ya mtiki usio na jani hata moja, na rangi yake ilifanana mno na majani makavu aliyoyalalia, hata nikahitaji kitambo kizima kumtambua ingawa kiongozi wetu alikuwa akinielekeza kwa kidole. Alipoinuka niliona lile kunjo la ngozi linaloning'inia kwa urefu wa tumbo, ambalo kwa simba wetu wa Serengeti ni nadra kuliona. Mbali kidogo zilisikika sauti za Wamaldhari, wafugaji waishio ndani ya msitu huo, wakiswaga nyati wao wa maziwa. Nilikaa kimya muda mrefu.

Wapo pia wasafiri wanaokuja kwetu na kaskazi. Kozi wa Amur, ndege mdogo mwenye uzito wa gramu 150 hivi, hukusanyika kwa maelfu huko Nagaland mwezi Oktoba na Novemba, kisha huvuka India na bahari hadi Afrika Mashariki. Mwaka 2012 walinaswa kwa nyavu kwa wingi wa kutisha. Mwaka uliofuata wanavijiji wenyewe waliacha kuwaua, na leo wageni huenda huko kuwatazama.

Katika maandalizi, anza na kibali cha hifadhi, ndipo utafute treni, ambayo tiketi zake hufunguliwa siku 60 kabla ya safari na huisha upesi nyakati za sikukuu. Kibali hutolewa kwa jina na nambari ya pasipoti, kwa hiyo andika kila herufi kama ilivyo. Mwisho ni cheti cha homa ya manjano, ambacho wanaotoka Kenya, Uganda au Kongo hudaiwa uwanja wa ndege. Chanjo huhesabiwa baada ya siku 10. Aliyechanjwa siku nne kabla ya kuondoka anaweza kuwekwa karantini huku kibali chake cha Gir kikiwa na tarehe ya kesho yake.