Sayari ya Miamba: Anza na Nyota Yake

Wengi wanaoingia kwenye uchunguzi wa sayari za mbali hukimbilia oksijeni na dalili za uhai. Pole pole. Kwanza ujue kama sayari ina hewa yoyote, na hapo nyota ndiyo itakayokusumbua.

Kabla ya kuomba muda wa darubini, piga hesabu ya kiasi cha mwanga wa nyota ambacho hewa ya sayari itazuia sayari inapopita mbele yake. Chukua nusu kipenyo cha sayari mara mbili, zidisha kwa unene wa hewa inayonasa mwanga, tuseme kilomita 40 kwa naitrojeni, kisha gawanya kwa mraba wa nusu kipenyo cha nyota. Dunia ikipita mbele ya Jua utapata sehemu 1 tu kwa milioni. Sayari ya miamba TRAPPIST-1e, ambayo nyota yake ina nusu kipenyo cha kilomita 83,000 hivi, inakaribia 70. Ndiyo maana watu wameng'ang'ania vibete vyekundu, yaani nyota ndogo zenye joto la chini kama hiyo.

Ila vibete hivyo vina madoa, na doa likipoa vya kutosha huwa na mvuke wa maji ndani yake. Sayari ikipita pasipo na madoa, maji ya nyota hujichora kwenye spektra (mwanga uliotenganishwa kwa rangi zake) kama ya sayari. Sayari GJ 486 b ilileta utata huohuo mwaka 2023. Kwa hiyo pima sayari ikipita mbele ya nyota mara kadhaa: umbo la spektra likibadilika kila safari, shuku nyota. Pima pia mwanga wenye urefu wa wimbi chini ya mikroni 1 (sehemu ya elfu ya milimita), ambako madoa hujitokeza zaidi, na uyatie madoa na angahewa katika modeli moja. Ukisafisha madoa kando kwanza, shaka yake haitaonekana kwenye jibu la mwisho.

Sayari ikiwa ya moto, mimi ningeanza inapojificha nyuma ya nyota: mwanga unaopungua ni wa sayari yenyewe, nao unakuonyesha joto lake. Gawanya nusu kipenyo cha nyota kwa umbali wa sayari, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, zidisha kwa joto la nyota, halafu kwa 0.90 kama ni mwamba mtupu, au 0.71 kama hewa inasambaza joto kote. Kwa TRAPPIST-1b, sayari nyingine ya nyota ileile, unapata takriban K (kelvini) 508 na K 400. Darubini ya anga ya James Webb ilipima K 503 kwenye mikroni 15, kwa hiyo mwamba mtupu ukapata nguvu.

Usifunge jalada kwa kipimo cha urefu mmoja wa wimbi, lakini. Kaboni dayoksaidi hufyonza mikroni 15, ila ukungu ukipasha hewa ya juu, gesi hiyohiyo hung'aa badala ya kufyonza, nawe utaona mwamba usiokuwepo. Ongeza kipimo cha mikroni 12.8 ili ulinganishe.